Pikipiki iliyokaa muda mrefu: uchunguzi uanzie wapi kabla ya kununua vipuri

Pikipiki ndogo zenye injini ya cc 100 hadi 150, ambazo kwa sasa ndizo hubeba abiria, mazao ya shambani, mitungi ya gesi na hata wagonjwa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ni mashine zilizobuniwa kufanya kazi kila siku, na mazoea ya kuziona zikihimili vumbi, mizigo na barabara mbovu huwafanya wamiliki wengi waamini kwamba kuziacha zimesimama ni kuzipumzisha. Ukweli wa kiufundi ni tofauti. Mwalimu aliyefunga shule na kusafiri kwa likizo ndefu, dereva aliyelazwa hospitali, mkulima ambaye njia ya kwao haipitiki wakati wa masika, na mmiliki ambaye chombo chake kimezuiliwa katika yadi ya kituo cha polisi, wote huweza kurudia pikipiki iliyokuwa ikienda vizuri siku ya kuegeshwa na kukuta inawaka kwa shida, inazima ovyo au haina nguvu ya kupanda hata mlima mdogo. Nchini Uganda hali ya namna hiyo iliwahi kuwakabili watu wengi kwa wakati mmoja, pale serikali ilipozuia bodaboda kubeba abiria mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kuruhusu huduma hiyo irejee mwishoni mwa Julai, kwa kuwa chombo kilichokosa mizigo ya kusafirisha katika kipindi hicho kiliweza kukaa miezi minne bila kuwashwa.

Anapokutwa na tatizo hilo, mmiliki huanza kununua. Plagi mpya hufuatwa na betri, betri hufuatwa na sidiai, yaani kile kisanduku kidogo cha kielektroniki kinachopanga wakati wa kutoa cheche, na fedha inapokaribia kwisha hutolewa pendekezo kwamba injini ifunguliwe. Kwa dereva wa pikipiki ya mkataba, ambaye humkabidhi mwenye mali kiasi fulani kila siku au kila wiki hadi chombo kiwe chake, gharama hizo huongezeka juu ya hesabu ambayo yenyewe haikusimama, na ndiyo sababu suala hili linaloonekana dogo lina uzito wa chakula cha familia. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya matumizi hayo haina msingi. Pistoni, ringi, gia na klachi huchakaa kwa kuzunguka, na injini ambayo haikuzunguka haikupata nafasi ya kuvichakaza vifaa hivyo; kwa hiyo pikipiki iliyoegeshwa ikiwa nzima inapaswa kuchunguzwa kwa kuuliza ni vitu gani hubadilika wakati chombo kimetulia. Vitu hivyo ni vichache, na cha kwanza, kwa mbali sana, ni petroli.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya viambato vya kaboni na haidrojeni ambavyo huchemka katika viwango tofauti vya joto, vile vyepesi vikianza kugeuka mvuke katika nyuzi 30 hivi za Selsiasi na vile vizito vikisubiri hadi karibu nyuzi 200, na viwanda vya kusafisha mafuta hupanga uwiano huo kwa makusudi kwa sababu sehemu nyepesi ndizo zinazoiwezesha injini ya baridi kushika moto. Petroli inapokaa katika chombo chenye upenyo wa hewa, sehemu hizo nyepesi huwa za kwanza kuondoka, na kinachobaki huwa kizito, kigumu kuwaka na chenye harufu iliyochacha ambayo mtu aliyezoea petroli mpya huitambua mara moja. Wakati huohuo oksijeni iliyomo hewani huziunganisha baadhi ya molekuli zilizobaki na kutengeneza utomvu wa rangi ya kahawia, ambao mwanzoni hunata kama ulimbo na baadaye hukauka na kuwa ganda gumu lisiloyeyuka kwa urahisi hata petroli mpya ikimiminwa juu yake. Joto huharakisha mabadiliko yote mawili, hivyo pikipiki iliyoachwa juani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huathirika mapema kuliko iliyowekwa kivulini katika nyanda za baridi za Njombe au Nyeri. Katika tangi lililojaa na kufungwa vizuri badiliko hilo huchukua miezi kadhaa kabla ya kuleta madhara. Katika kabureta, ambamo hubaki petroli isiyojaza hata kikombe cha kahawa, linaweza kuanza kuonekana baada ya wiki chache.

Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia katika silinda, kwa uwiano ambao kinadharia ni gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Sehemu yake ya chini ni bakuli dogo linalopokea petroli kutoka kwenye tangi na kuihifadhi katika kiwango kisichobadilika, kazi inayofanywa na floti, yaani boya linaloelea juu ya petroli na kuisukuma sindano fupi inayoziba mlango wa kuingilia mafuta pindi bakuli linapojaa. Kutoka katika bakuli hilo petroli huvutwa kwa njia tatu, na kila njia ina eneo lake la utawala. Injini inapounguruma bila kuongezwa mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensa, petroli hupita katika jeti ndogo, ambayo ni skrubu nyembamba ya shaba ya njano iliyotobolewa tundu lenye kipenyo kisichofika nusu milimita. Dereva anapozungusha akseleta, kile kishikio cha mkono wa kulia, kutoka kama robo hadi robo tatu, kipimo hushikwa na sindano ndefu iliyochongoka ambayo kadiri inavyopanda ndivyo inavyoachia nafasi pana zaidi ya petroli kupita. Akseleta ikizungushwa hadi mwisho, mtawala huwa jeti kubwa, ambayo tundu lake, katika pikipiki nyingi za ukubwa huu, hukaribia milimita moja.

Kwa kuwa matundu hayo hayalingani, hayazibi kwa pamoja, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa uchunguzi wote. Utomvu kidogo ambao jeti kubwa isingeuhisi hutosha kuziba jeti ndogo kabisa, na ndiyo maana lalamiko linalosikika zaidi kuhusu pikipiki iliyokaa ni kwamba inawaka kwa choki tu, kisha inazima mara choki inaporudishwa, ingawa ikishavutwa mafuta kwa nguvu hukimbia bila tatizo. Choki ni kifaa kinachoongeza kiasi cha petroli katika mchanganyiko, ama kwa kuibana njia ya hewa ama kwa kufungua njia ya ziada ya petroli, na injini inayokataa kuunguruma bila msaada huo inatangaza wazi kwamba njia yake ya kawaida ya petroli katika mwendo wa chini haipitishi. Katika hali hiyo hakuna sababu ya kugusa plagi, betri wala vali.

Dalili ikiwa ni ya upande wa pili, kwamba sailensa ni tulivu lakini pikipiki inakosa nguvu inapopanda mlima au inapovutwa hadi mwisho, macho yahamie kwenye jeti kubwa, kwenye mtiririko wa petroli kutoka tangini na kwenye chujio la hewa, na ipo njia rahisi ya kutenganisha sababu hizo bila kufungua chochote. Dereva akiwa katika mwendo ambao tatizo hujitokeza, mahali salama pasipo magari, avute choki kidogo: injini ikichangamka, basi ilikuwa na njaa ya petroli, na kizuizi kiko katika jeti au katika njia inayoilisha, ikizidi kulemewa, basi petroli ilikuwa tayari nyingi kupita hewa, na chujio la hewa ndilo la kwanza kushukiwa. Pikipiki inayokwenda vizuri kwa dakika chache, ikazima, ikapumzishwa na kuwaka tena, mara nyingi ina tundu la kupumulia lililoziba kwenye kifuniko cha tangi, kwa sababu petroli haiwezi kuendelea kutoka katika tangi ambalo hewa haiingii kujaza nafasi yake. Kifuniko kikifunguliwa mara baada ya injini kuzima na ukasikika mlio wa hewa ikiingia, sababu imepatikana. Sailensa inayopanda na kushuka yenyewe, pamoja na milipuko midogo katika ekzosi akseleta inaporudishwa, huelekeza kwenye hewa isiyopimwa inayopenya kati ya kabureta na silinda, hasa kupitia mpira wa kuunganishia ambao umekauka na kupasuka, na maji machache yakinyunyiziwa juu ya mpira huo injini ikiwa inaunguruma, badiliko la sauti litathibitisha ufa huo. Dereva anayeweza kumweleza fundi ni katika hatua gani ya akseleta tatizo hutokea amekwisha kumfanyia fundi huyo nusu ya kazi, na fundi asiyeuliza swali hilo kabla ya kushika spana hastahili kuaminiwa kirahisi.

Uchunguzi wenyewe unapaswa kufuata safari ya petroli kutoka juu kwenda chini. Mpira unaotoka kwenye tangi huchomolewa upande wa kabureta na kuelekezwa katika chupa nyeupe inayoonyesha kilichomo, kisha koki, yaani bomba dogo la kufungulia petroli chini ya tangi, hufunguliwa. Mtiririko unaoanza kwa nguvu na kufifia unaonyesha kifuniko kisichopumua au kichujio cha koki kilichojaa kutu. Mtiririko dhaifu tangu mwanzo unaonyesha kizuizi katika koki yenyewe. Chupa ikiachwa itulie kwa muda, maji yaliyomo, ambayo ni mazito kuliko petroli, yatajitenga na kulala chini, na chembe za kutu zitaonekana juu ya kitako cha chupa. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kukiruka ni kuingia katika kazi ya kusafisha kabureta ambayo itachafuka tena kabla ya jioni.

Maji hayo hutoka wapi katika tangi ambalo halikunyeshewa? Tangi lisilojaa lina nafasi ya hewa, hewa ina unyevu, na unyevu huo huganda kuwa matone juu ya bati la ndani usiku unapopoa, kisha matone hukusanyika chini na kuanza kula chuma, kwa hiyo tangi lililoachwa na petroli kidogo hupata kutu upesi kuliko lililojazwa hadi juu. Mahali ambapo petroli huchanganywa na ethanoli, kileo kinachotengenezwa kutokana na molasi ya miwa, kama ilivyo Malawi tangu mwaka 1982, hatari hiyo huongezeka, kwa sababu ethanoli huvuta unyevu wa hewani na, kiwango cha maji kikizidi, hujitenga na petroli pamoja na maji hayo na kuzama. Tangi lenye kutu nyepesi linaweza kuokolewa kwa kujazwa siki usiku kucha, kusuuzwa kwa maji yenye magadi ya kupikia ili asidi iliyobaki iishe makali, kukaushwa kabisa na kupakwa oili kidogo ndani kabla ya petroli mpya kuwekwa. Tangi lililotoboka halina mjadala. Lichomelewe na mtu anayejua kuondoa mvuke wa petroli kwanza, au libadilishwe, kwa kuwa moto wa kuchomelea ukikutana na mvuke huo huua.

Ikithibitika kwamba petroli safi inafika kwenye kabureta, bakuli hufunguliwa. Kwanza hulegezwa skrubu ndogo iliyo chini yake, petroli iliyobaki ikamwagwa katika chombo na kutazamwa rangi, kisha bakuli likatolewa na jeti zikafunguliwa kwa bisibisi inayolingana nazo sawasawa, kwa sababu shaba ni laini na kichwa cha jeti kilicholiwa ni hasara isiyo ya lazima. Jeti huinuliwa na kutazamwa kuelekea kwenye mwanga: tundu safi huonekana kama duara kamili, na tundu lenye utomvu huonekana limekatika upande au limefungwa. Kusafisha kunahitaji dawa ya kupuliza ya kabureta, subira ya kuiacha ilainishe utomvu, na hewa ya kompresa iliyopulizwa katika kila njia, zikiwemo zile nyembamba zilizochimbwa ndani ya mwili wa kabureta ambazo hazionekani kwa nje na ambazo watu wengi huzisahau. Ikilazimu kupitisha kitu katika jeti, kitumike unyuzi mmoja wa shaba nyekundu uliotolewa ndani ya waya wa umeme, kwa kuwa ni laini kuliko jeti yenyewe.

Hapa inafaa kusema kwa uzito kuhusu desturi ya kuzibua jeti kwa sindano ya kushonea, kwa waya wa breki au, vibaya zaidi, kwa keekee. Tundu la jeti ni kipimo, na kipimo hicho kikipanuliwa hata kwa sehemu ndogo ya milimita hakirudi tena. Pikipiki itawaka siku hiyo na mwenyewe atafurahi, lakini kuanzia hapo itakunywa petroli zaidi, itajaza masizi kwenye plagi na kuzaa malalamiko mapya ambayo yatatibiwa kwa kununua vipuri vingine. Vivyo hivyo skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, iliyo ubavuni mwa kabureta, haifai kuzungushwa kabla ya kuhesabu imefunguliwa mizunguko mingapi kutoka mahali inapogota, idadi ambayo katika kabureta nyingi ndogo huwa kati ya mmoja na nusu na miwili na nusu. Mpira wa duara ulio kwenye skrubu hiyo na mipira mingine ya kuzuia uvujaji itolewe kabla ya dawa kupulizwa, kwa sababu dawa hizo huivimbisha na kuiharibu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kifaa chenye udhaifu wa namna hii bado kinatumika. Nchini India, zinakotoka pikipiki nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki, kanuni za moshi za Bharat Stage VI zilizoanza Aprili 2020 ziliwasukuma watengenezaji kuhamia mfumo unaopuliza petroli kwa nguvu ya umeme katika soko lao la ndani, ilhali pikipiki nyingi wanazouza Afrika zimebaki na kabureta, ambayo ni nafuu na inaweza kufunguliwa na fundi wa kijijini chini ya mwembe kwa bisibisi moja. Ni uamuzi wenye mantiki katika mazingira ya hapa, lakini unambebesha mtumiaji wajibu wa kukijua kifaa hicho.

Ubora wa petroli yenyewe nao hauwezi kuachwa nje ya uchunguzi. Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli, jambo ambalo Tanzania hujulikana kwa jina la uchakachuaji, kulienea kiasi cha kuifanya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ianzishe mwaka 2010 utaratibu wa kuwekea mafuta vinasaba ili yaliyochanganywa yatambulike, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilohilo la kuondoa faida ya mchanganyiko huo. Mafuta ya taa hayawaki kwa urahisi injini ikiwa baridi na huacha masizi, kwa hiyo petroli iliyochanganywa hayo, ambayo injini ya moto iliyokuwa ikifanya kazi kutwa iliivumilia, huwa mzigo mkubwa kwa injini iliyokaa miezi. Matone machache yaliyodondoshwa juu ya karatasi nyeupe yanatoa dokezo la awali, kwa kuwa petroli safi hukauka upesi na petroli yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Hata hivyo petroli iliyozeeka nayo inaweza kuacha doa, na hukumu salama kwa zote mbili ni moja, kwamba zitolewe tangini zote. Kuongeza petroli mpya juu ya iliyochacha ni ubahili unaoishia kwenye kabureta.

Baada ya petroli ndipo zamu ya umeme hufika. Plagi ikifunguliwa husimulia mengi: ikiwa imelowa petroli, injini imefurika kwa kupigwa kiki mara nyingi choki ikiwa imevutwa, ikiwa na masizi makavu meusi, hewa ilikuwa pungufu au petroli nyingi mno, ikiwa nyeupe kupita kiasi, petroli haikutosha. Plagi iliyolowa huhitaji kukaushwa na kusuguliwa kwa brashi, na mwanya wa cheche upimwe, ambao katika injini nyingi za aina hii huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8. Ili kuona cheche, plagi hurudishwa kwenye kofia yake na kulazwa ikigusa chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli iliyomwagika, kisha kiki hupigwa. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema, na cheche nyekundu iliyofifia huelekeza kwenye kofia ya plagi, ambayo ndani yake hupata kutu kwa unyevu, kabla ya kuelekeza kwenye koili au sidiai. Swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani nayo hushika kutu katika vigusano vyake, na kuibonyeza mara kadhaa mbele na nyuma kumewahi kuokoa bei ya sidiai nyingi.

Betri ya asidi hujimaliza yenyewe hata bila kutumika, na ikibaki bila chaji kwa muda mrefu hujengeka fuwele za salfeti juu ya sahani zake za risasi, ambazo huipunguzia uwezo wa kupokea chaji tena. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 hadi 12.8 injini ikiwa imezimwa, na iliyoshuka chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa kabla ya kulaumiwa. Ni muhimu kutofautisha aina mbili za mifumo, kwa sababu pikipiki ambayo sidiai yake hulishwa moja kwa moja na koili ya injini huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, wakati ile ambayo sidiai yake hutegemea betri hupiga cheche dhaifu na kukatakata, dalili ambayo hudhaniwa kuwa ya kabureta.

Upande wa hewa una maadui walio hai. Panya hupenda kujenga kiota katika sanduku la chujio la hewa na kutafuna waya zilizo karibu, na nyigu wa udongo huziba kwa tope lake tundu lolote analolikuta, likiwemo la ekzosi na lile la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi, kwa hiyo pikipiki isiyotoa moshi wala kushika moto kabisa itazamwe hapo kabla ya popote pengine. Chujio la sponji likikaa sana huoza na kumeguka likiguswa, na vipande vyake huvutwa ndani ya kabureta. Kuendesha bila chujio ili kupunguza usumbufu ni kosa kubwa, kwa kuwa vumbi la barabara zetu ni mchanga, na mchanga husaga silinda.

Kabla ya kiki ya kwanza, hata hivyo, kuna jambo ambalo halipaswi kurukwa: oili itazamwe kiwango chake na kunuswa. Sindano ya floti iliyonata ikiwa wazi, na koki ikiwa imeachwa bila kufungwa, petroli hushuka polepole kupitia kabureta hadi ndani ya silinda na kuchanganyika na oili, ambayo huongezeka kiwango, hulainika na kutoa harufu ya petroli. Oili ya namna hiyo haiwezi kuzitenganisha sehemu za chuma zinazosuguana, na injini ikiwashwa nayo ndipo uharibifu wa kweli, ule wa kuhitaji kufungua injini, unapoweza kutokea. Imwagwe yote na kuwekwa mpya. Kwa pikipiki iliyokaa zaidi ya miezi michache ni busara pia kufungua plagi, kudondosha kijiko kidogo cha oili katika tundu lake na kuzungusha injini taratibu kwa kiki, ili kuta za silinda zilizokauka zipate ulainisho. Ikiwa baada ya yote hayo kiki inashuka bila ukinzani wowote, basi mgandamizo umepotea, huenda kwa vali iliyoshika kutu au ringi iliyonata, na hapo ndipo pendekezo la kufungua injini linapopata uhalali.

Breki, cheni na tairi zikaguliwe kabla ya kutoka barabarani, kwa maana injini iliyofufuka ikiwa na breki zilizoganda ni hatari zaidi kuliko injini iliyokufa.

Linabaki suala la mahali pa kufanyia kazi hii, ambalo linagusa uhai wa watu. Kwa hofu ya wizi, familia nyingi hulaza pikipiki sebuleni au chumbani, na petroli inayovuja kutoka kwenye floti iliyonata hutoa mvuke mzito kuliko hewa, unaotambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa, kibatari au mshumaa. Injini inayounguruma ndani ya nyumba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kabla mtu hajatambua kwamba anadhurika. Kufungua kabureta na kuwasha injini kufanyike nje, daima, hata mvua ikilazimu kazi iahirishwe.

Kila anayetarajia kuiacha pikipiki yake kwa zaidi ya wiki tatu na ajaze tangi petroli safi, afunge koki, aache injini iungurume hapo nje hadi izime yenyewe kwa kukosa petroli, kisha alegeze skrubu ya chini ya bakuli ili matone ya mwisho yatoke katika chombo, na achomoe waya mmoja wa betri. Kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa, haihitaji fundi, na bisibisi pamoja na spana zilizomo katika mfuko wa vifaa unaouzwa na pikipiki mpya hutosha kuifanya.